Kongwa: Baada ya Karanga, Gunia la Mahindi

Mtajie Mwingereza aliyesoma historia ya nchi yake jina la Kongwa, atakujibu kwa neno moja: karanga. Mkongwe wa SWAPO kule Namibia au wa FRELIMO kule Msumbiji atakumbuka kambi. Madaktari wa macho wanaijua kwa ugonjwa wa vikope. Dereva wa fuso anayepeleka mahindi Dar es Salaam, yeye Kongwa yake ni Kibaigwa, na huenda hajawahi kukanyaga makao makuu ya wilaya. Wote hao wanasema juu ya eneo moja la kilomita za mraba zipatazo 4,000, mashariki mwa Mkoa wa Dodoma, lililomegwa kutoka Mpwapwa katikati ya miaka ya 1990 likapewa wilaya yake na halmashauri yake. Halmashauri hiyo sasa ina miaka thelathini hivi. Wageni waliopita Kongwa wameshaandikiwa vitabu. Wenyeji na baraza lao wameandikiwa taarifa za utekelezaji tu, na hizo hazisomwi na mtu.

Kongwa ni nchi ya Wagogo, na kwa upande wa Mlali, inakoelekea milimani, ni nchi ya Wakaguru. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 500 au 600 kwa mwaka. Zaidi ya hapo ni jua. Wenyeji wa zamani hawakupambana na hali hiyo, waliifuata. Walipanda uwele na mtama, walifuga ng'ombe na mbuzi, waliishi kwenye tembe zilizotawanyika, na mvua ikikataa upande mmoja walihamia kwa ndugu upande mwingine. Njaa zao zina majina kama watu. Ile ya Mtunya, ya baina ya 1917 na 1920, ndiyo iliyouma kuliko zote: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana.

Palikuwapo basi mbuga na vichaka vya Kongwa ambavyo havikuwa na makazi, na sababu yake kila Mgogo aliijua: hakukuwa na maji.

Mwaka 1946 kukosekana huko kwa watu kulitazamwa kwa macho mengine kabisa. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Wizara ya Chakula ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na hesabu: zaidi ya ekari milioni 3, zigawanywe katika mashamba makubwa ya ekari 30,000 kila moja, mengi Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Gharama ingekuwa pauni milioni 24 kwa miaka sita. John Strachey, Waziri wa Chakula, akaupigia debe mpango huo bungeni. Kwa Tanganyika yalichaguliwa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ikawa ya kwanza kwa sababu ilikuwa karibu na Reli ya Kati na kwa sababu, kwa maneno ya wapangaji, ilikuwa tupu.

Kikosi cha kwanza kilifika mwanzoni mwa 1947. Matrekta yalikuwa masalio ya vita, mengi yakiwa yameachwa na Wamarekani huko Ufilipino, yamechakaa kabla hayajaanza kazi. Baadaye vikaletwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kiwanda cha Vickers. Walipoona vichaka havishindiki kwa sepetu za chuma, walichukua minyororo ya nanga za meli, wakaifunga baina ya matrekta mawili, wakawa wanaiburuta ili ing'oe kila kilicho mbele yake. Miti ililala, mizizi ilibaki chini na kuvunja majembe. Mibuyu ilikuwa hadithi yake yenyewe. Ndani ya mingine mlikuwa na nyuki, na nyuki hawakuwa wamesaini mkataba na mtu.

Kisha ukaja udongo. Masika ulilainika vizuri, lakini kiangazi kilipoingia ulikauka ukawa kama saruji, na karanga hukomaa wakati huohuo, zikiwa chini ya ardhi. Mashine za kung'olea zilivunjika meno. Mchanga mkali uliomo ndani ya udongo huo uliyala majembe kwa kasi ambayo hakuna fundi aliyeitarajia. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Mwaka 1949 mvua ilikuwa haba. Walijaribu hata alizeti mahali pa karanga, nayo ukame ukaipiga. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango na kufuta deni la zaidi ya pauni milioni 35. Fedha hizo zilikuwa nyingi kuliko zote ambazo Ugogo mzima ungeziona kwa vizazi kadhaa.

Kisa hiki huko Uingereza kimekuwa mfano wa ujinga wa serikali, na vicheko vyake havijaisha. Kwa Kongwa si kichekesho tu. Maelfu ya vibarua walikusanywa kutoka pande zote za Tanganyika, na mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 uliposambaa kwa njia ya reli kwenda bara, wafanyakazi wa Kongwa nao waliweka zana chini. Vijana wengi wa Kigogo walipokea mshahara wa fedha taslimu kwa mara ya kwanza pale, wakajifunza udereva na ufundi wa makenika. Ninadhani huo ndio urithi wa karanga uliodumu kuliko wowote, ingawa haukuandikwa kwenye hesabu ya faida na hasara.

Vilivyobaki vya chuma na matofali vilipata kazi nyingine. Reli ndogo iliyotoka Msagali iling'olewa. Majengo ya Wazungu yaligeuzwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliyofungwa 1958. Mashamba yalipewa Shirika la Kilimo la Tanganyika, ambalo katikati ya miaka ya 1950 lilikubali jambo ambalo Mgogo yeyote angelisema bila ujumbe wala ndege: hii ni nchi ya ng'ombe. Hapo ndipo ilipoanzia ranchi ya Kongwa, ambayo tangu kuundwa kwa NARCO mwaka 1968 iko mikononi mwa kampuni hiyo ya taifa. Ina hekta zipatazo 38,000 na inajulikana kwa ng'ombe wa aina ya Boran. Abiria wa mabasi ya Dodoma wanaifahamu kwa kituo cha barabarani kiitwacho Narco.

Wageni wa pili walikuja kimyakimya. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa mwaka 1963, Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata serikali ya Mwalimu Nyerere ikavipa vyama vya ukombozi eneo la kambi pale Kongwa, palipokuwa na stesheni ya reli iliyotelekezwa. FRELIMO walitangulia, Samora Machel alikuwa miongoni mwao. Wakafuata ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Wapiganaji walikuta magofu na vichaka, wakajenga mabweni kwa mikono yao, wakalima bustani, wakacheza mpira na vijana wa mjini. Chris Hani wa ANC alipita hapo kabla ya kwenda vitani Wankie, Rhodesia, mwaka 1967. Kongwa ndiko walikotoka wapiganaji wa SWAPO waliorudi Namibia na kujenga kituo cha Omugulugwombashe, kilichoshambuliwa na majeshi ya Afrika Kusini tarehe 26 Agosti 1966; Namibia huadhimisha siku hiyo kila mwaka kama Siku ya Mashujaa.

Hadithi hii husimuliwa kwa heshima kubwa, na inastahili. Husahaulika tu kwamba kambi ilikuwa na majirani. Wenyeji waliuza maziwa na kuku, walitunza siri, walioa na kuolewa na wapiganaji. Wapo watu wazima Kongwa leo ambao baba zao waliondoka kwenda mstari wa mbele na hawakurudi. Makaburi ya wapiganaji yapo. Eneo la kambi lina shule ya sekondari. Na wageni wa heshima kutoka kusini mwa Afrika hufika, huweka mashada ya maua na kuondoka siku hiyohiyo kulala Dodoma. Nyumba za wageni za Kongwa hazijanufaika na ukombozi wa Afrika kama ilivyotarajiwa.

Wakati hayo yakiendelea, utawala wa wenyeji wenyewe ulikuwa ukibadilishwa mara kwa mara. Chini ya Waingereza, kwa sheria ya 1926, palikuwa na utawala wa watemi uliosimamiwa kutoka boma la Mpwapwa. Uchifu ukafutwa 1963 na halmashauri za wilaya zikashika kazi. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, iliyowakusanya Wagogo kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika na kuwaweka vijijini, miaka michache kabla ya mikoa mingine kufikiwa. Shule na zahanati zilisogea karibu. Mashamba na malisho yalisogea mbali. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikafutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na kwa zaidi ya miaka kumi mwananchi wa Kongwa hakuwa na diwani wa kumlalamikia. Sheria ya 1982 ilizirudisha, zikaanza kazi tena 1984. Kongwa wakati huo ilikuwa bado ni tarafa za Mpwapwa.

Basi ilipozaliwa halmashauri ya Kongwa, haikurithi mengi. Tarafa tatu: Kongwa, Mlali na Zoissa. Majengo ya kupangishana. Barabara za vumbi ambazo uwanda wa Mtanana ukijaa maji hazipitiki. Hakuna mgodi, hakuna kiwanda kikubwa, hakuna kahawa wala korosho wala pamba ya kutosha kuendesha chama kikuu cha ushirika. Kodi ya maendeleo, ile waliyoiita kodi ya kichwa, ilifutwa 2003, na watu wakashangilia, kwa haki, maana ilikuwa ikikusanywa kwa mgambo na kukimbizana. Lakini mezani kwa mweka hazina palibaki pengo. Mishahara na miradi mikubwa ikaendelea kutegemea ruzuku ya Serikali Kuu, na mapato ya ndani yakaegemea kitu kimoja: ushuru wa mazao.

Na ushuru huo ulikuwa Kibaigwa.

Hakuna mjumbe aliyekwenda Kibaigwa kwa ndege. Kilikuwa kijiji cha kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Enzi za Shirika la Taifa la Usagishaji, mahindi yalinunuliwa na serikali kwa bei moja na kusafirishwa kwa utaratibu wake. Biashara ya nafaka ilipoachiwa huru kuanzia miaka ya 1980, wakulima walianza kushusha magunia pale ambapo malori hupita, na wenye malori wakaanza kusimama pale ambapo magunia yapo. Jiografia ilifanya sehemu iliyobaki. Upande wa kaskazini kuna Kiteto, yenye mashamba mapana ya mahindi lakini barabara mbovu. Kusini na mashariki kuna Mpwapwa, Gairo na vijiji vya Kilosa. Magharibi kuna Dodoma yenye midomo mingi. Kibaigwa ipo katikati, kwenye lami. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likajengwa soko rasmi la nafaka lenye maghala na mizani, likaitwa la kimataifa, na jina hilo halikuwa la kujitapa tu: wanunuzi wa Kenya na hata wa mbali zaidi walifika au kutuma watu wao.

Ukienda Kibaigwa msimu wa mavuno, kuanzia Juni hadi Septemba, utaona uchumi wa wilaya nzima katika uwanja mmoja. Mkulima analeta mahindi kwa trekta au kwa bodaboda. Dalali anamkamata kabla hajashusha. Kina mama wanapeta na kupepeta, wanaokota punje zilizomwagika, na punje hizo zikikusanywa kwa siku kadhaa zinakuwa debe la kuuza. Makuli wanashona magunia. Mamantilie wanauza ugali kwa mlenda. Kuna vibanda vya miamala ya simu, maduka ya mbegu na viuatilifu, mafundi wa mashine za kupukuchua, na nyumba za kulala wageni zilizojaa madereva. Kibaigwa ilipita makao makuu ya wilaya kwa pilika muda mrefu uliopita, ikapewa mamlaka ya mji mdogo, na kila diwani anajua kwamba Kibaigwa ikipiga chafya, ofisi za Kongwa hupata homa.

Ndiyo maana badiliko la 2017 liliuma. Serikali Kuu ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikakataza kutoza mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mkulima lilikuwa jambo la haki. Mageti ya ushuru yalikuwa kero, mengine yakimtoza mtu mara mbili kwa gunia lilelile. Kwa halmashauri inayoishi kwa mahindi ilikuwa ni kukatwa zaidi ya nusu ya tonge. Mashine za kielektroniki za kukusanyia mapato zilisaidia kuziba mianya ya stakabadhi za kughushi, lakini haziwezi kuleta mvua. Mwaka wa ukame mahindi hayaji sokoni, na mapato ya ndani huanguka pamoja nayo. Na ni mwaka huohuo ambao wananchi wanahitaji zahanati na chakula zaidi. Sijaona bajeti ya halmashauri yoyote ya mikoa ya kati iliyopata dawa ya jambo hili.

Gunia lenyewe ni kesi nyingine. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, lile gunia lililofungwa kilemba juu, halijafa. Mkulima anauza kwa gunia, mnunuzi anauza kwa kilo, na tofauti inabaki mfukoni mwa aliyeshika mizani mjini. Soko la Kibaigwa lilijengwa ili mizani itumike. Pale inapotumika, mkulima anapata haki yake. Anayekutana na mnunuzi shambani au njiani, kabla hajafika sokoni, anauza kwa macho, na halmashauri nayo inakosa ushuru wake. Mwizi wa mkulima na mwizi wa halmashauri, mara nyingi, ni yuleyule.

Mafanikio mengine yalikuja pasipo na kelele. Alizeti, ileile iliyowashinda watu wa mpango wa karanga, sasa inalimwa na wakulima wadogo wa ekari mbili tatu, na viwanda vidogo vya kukamua vimetapakaa kando ya barabara, madumu ya mafuta ya njano yakipangwa kwenye meza za miti. Waingereza waliyatafuta mafuta ya Kongwa kwa vifaru. Yakaja kutoka kwenye mashine ndogo za kukamua. Karanga nazo zinalimwa hadi leo, kwa jembe la mkono, kwenye udongo wa kichanga ambao wenyeji wanauchagua wenyewe.

Yapo pia yaliyokwenda vibaya. Ardhi ya wilaya imekuwa ndogo kwa watu wake: sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 300,000, na ile ya 2022 zaidi ya 440,000. Wakulima wa Kongwa wamevuka mpaka kwenda kulima Kiteto, na migogoro yao na wafugaji katika eneo la hifadhi ya jamii la Emboley Murtangos imemwaga damu zaidi ya mara moja; mwanzoni mwa 2014 watu waliuawa na nyumba kuchomwa. Mpaka wa halmashauri ni mstari kwenye ramani; njaa ya ardhi haiusomi. Mahindi yanayoonekana Kibaigwa na kuhesabiwa kama fahari ya Kongwa, mengi yametoka kwenye mashamba hayo ya upande wa pili, na anayeandika historia ya soko hilo bila kutaja jambo hili anapamba.

Na maji. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Kitanzania na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifanya kazi Kongwa kuhusu vikope, ugonjwa unaoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi, na unaopofusha polepole, wanawake zaidi kuliko wanaume. Utafiti wa vijiji vya Kongwa, uliochapishwa katika miaka ya 1990, ulionesha kwamba uso wa mtoto ukioshwa vizuri, ugonjwa mkali hupungua. Na matokeo kama hayo yalichangia mkakati ambao Shirika la Afya Duniani linautumia dhidi ya vikope. Ni mchango mkubwa kwa dunia kutoka kwenye wilaya ambayo mama alitembea saa nyingi kutafuta ndoo moja. Dawa ziligawiwa, maambukizi yakashuka sana. Visima virefu vilichimbwa. Baadhi vina maji ya chumvi, baadhi pampu zimekufa. Sababu iliyowafanya wazee waache mbuga zile wazi kabla ya 1947 bado ipo.

Kisiasa, wilaya haijakosa sauti. Job Ndugai alikuwa mbunge wa Kongwa kuanzia mwaka 2000 hadi alipofariki Agosti 2025, naibu spika kisha spika wa Bunge hadi alipojiuzulu Januari 2022. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016, soko la vyakula na la viwanja lilisogea karibu zaidi. Reli mpya ya umeme, hata hivyo, imepita Gulwe, upande wa Mpwapwa, kama ilivyofanya ile ya Mjerumani.

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani, katika kuadhimisha miaka hii thelathini msiishie kwenye fulana na ngoma. Fanyeni mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wenu. Warekodini wazee waliofanya kazi na Waingereza wa karanga na walioishi jirani na kambi, kwa maana hawa wa kwanza wamebaki wachache mno. Bandikeni kwenye ubao wa kila kijiji kiasi cha ushuru uliotoka Kibaigwa kila robo mwaka na kisima kilichochimbwa kwa fedha hizo. Na mizani ya soko ifikishwe mpaka Zoissa na Mlali, ili mkulima apime gunia lake kabla halijapandishwa kwenye gari la mtu mwingine.